Kipimo Kimoja Katika Barabara na Reli Zetu

(Haya ni maneno ya hotuba, yamepigwa chapa kama yalivyosemwa.)



Wazee wetu walipouza nafaka sokoni walipima kwa kibaba na pishi. Kila mtu alijua ya kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Walakini pishi ya mji huu haikuwa sawasawa na pishi ya mji ule, na mnunuzi aliyetoka mbali alilazimika kuuliza kwanza, "Pishi yenu ni ipi?" ndipo aulize bei. Ugomvi mwingi ulizuka hapo, na mara nyingi hapakuwa na mwongo hata mmoja. Kila mtu alikuwa mkweli kwa pishi yake.

Jambo ninalotaka kuwaelezeni leo ni la pishi, ijapokuwa maneno yangu yatahusu motokaa, malori na magari ya moshi. Sisi tufanyao kazi ya kufasiri hutaabika kulipatia jina. Mmoja huandika "kiwango", mwingine "kanuni", mwingine "kawaida". Mimi nitasema "kipimo kimoja", na maana yake ni hii: jambo ambalo watu wengi wasiojuana wamekubaliana kulifanya kwa namna moja, ili kila mmoja ajue mwenziwe atafanya nini kabla hajalifanya.

Sokoni pishi isipolingana mtu hupoteza mahindi. Barabarani hupoteza roho. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2021 watu 1,190,000 hivi walikufa kwa ajali za barabara ulimwenguni. Hapa Kenya hesabu za serikali zilipita watu 4,000 katika kila mwaka wa 2022, 2023 na 2024, na kundi kubwa kuliko yote katika wafu hao ni watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Hawa hawakuendesha kitu. Walikuwa wakivuka kwenda dukani, shuleni au kisimani.

Alama za Njiani

Dereva anayekwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 na zaidi katika kila sekunde moja. Mtu wa namna hii hana nafasi ya kusoma barua. Kwa hiyo mataifa yalipokutana Geneva mwaka 1949, na tena Vienna mwaka 1968, kutengeneza mapatano ya barabara na alama zake, yalipendelea maumbo na rangi kuliko maneno. Pembetatu yenye ukingo mwekundu na ncha juu ni onyo. Duara lenye ukingo mwekundu ni katazo. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikielekea chini, yasema mpishe mwenzio. Na alama ya kusimama kabisa imepewa pembe nane, wala hakuna alama nyingine iliyopewa umbo hilo.

Labda mtu atauliza, kwa nini taabu yote hiyo ya kuhesabu pembe? Fikirini alama iliyofunikwa na vumbi jekundu la Tsavo hata maandishi yake yasionekane. Pembe nane bado zaonekana. Fikirini tena dereva anayekuja kwa barabara nyingine, naye aiona alama hiyo kwa mgongo, ni bati tupu machoni pake. Lakini kwa umbo lake amejua ya kuwa yule wa upande wa pili ameamriwa kusimama. Alama moja imesema na watu wawili, na mmoja wao hakuandikiwa.

Hapa sina budi kusema neno juu ya watu wanaong'oa alama za chuma usiku na kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Shilingi wanazopata ni chache mno. Mtu aibaye alama ya kona kali ameiondoa habari ambayo dereva mgeni hawezi kuipata mahali pengine popote, na siku ya ajali jina la mwizi halitaandikwa katika hati ya polisi.

Mfano mkubwa wa kubadili kipimo cha barabara ulionekana Sweden. Watu wa nchi ile waliendesha upande wa kushoto, hali majirani zao wa Norway na Finland waliendesha kulia, na motokaa zao wenyewe nyingi zilikuwa na usukani upande wa kushoto. Basi Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, magari yote yaliyokuwa barabarani yalisimamishwa, yakahamishwa polepole mpaka upande wa pili, yakangoja, na saa ilipotimia yakaruhusiwa kuendelea. Ethiopia nayo ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1964.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumerithi pishi mbili. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Ethiopia huendesha kulia. Lori litokalo Mombasa kwenda Kigali hubadili upande mpakani, na tangu hapo dereva wake, aliyekalia usukani wa kulia, amekuwa ukingoni mwa barabara badala ya katikati. Akitaka kulipita lori jingine hawezi kuona kinachokuja mbele yake mpaka ameisha kulitoa gari zima nje. Ndipo humtegemea taniboi, anayechungulia dirishani na kumwambia "Twende" au "Ngoja". Maisha ya watu walio katika basi linalokuja yametundikwa katika neno hilo moja la kijana ambaye pengine hajalala tangu Malaba. Sidhani ya kuwa nchi hizi zitabadili upande kesho, kwa maana gharama yake si ndogo. Lakini yatupasa kujua ya kuwa tofauti hiyo ipo, na kuitengenezea mipaka yetu nafasi pana, taa za kutosha na alama zisizo na shaka.

Ishara Zisizoandikwa

Madereva wetu wana kitabu kingine cha ishara ambacho hakikupigwa chapa na serikali yo yote. Hiki nakiona kuwa na mambo ya kufikiriwa zaidi kuliko kile cha Vienna.

Lori likiharibika njiani, taniboi hukata matawi na kuyatupa barabarani, moja mbali, la pili karibu, la tatu karibu zaidi. Kutoka Mombasa mpaka Kampala na mbele yake, hakuna dereva asiyejua maana ya majani hayo. Hakuna mkutano uliokaa ukayapitisha. Ni kipimo kimoja cha kweli, kilichozaliwa na watu wenyewe, nami nakiheshimu. Lakini kina kasoro mbili. Ya kwanza, majani hayang'ai usiku, na dereva mwenye taa hafifu huyaona amekwisha kuyakanyaga. Ya pili, lori likipona huondoka na majani yakabaki, na mara nyingine mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu yakabaki pia. Dereva wa gari la tatu na la nne hupita majani matupu, asione lori lo lote, na kwa namna hiyo hufundishwa polepole kuyadharau. Siku atakapolikuta lori kweli, nyuma ya kona, amekwisha zoea kuwa majani hayana neno. Sheria yataka kila gari lichukue pembetatu mbili zinazoakisi mwanga. Basi majani yasiachwe kama desturi, bali pembetatu ziwekwe pamoja nayo, na vyote viokotwe kazi ikiisha.

Ishara ya pili ni mbaya kuliko hiyo. Ninyi mliosafiri mmeiona. Gari dogo liko nyuma ya lori, lataka kupita. Dereva wa lori, kwa wema wake, huwasha taa ya pembeni ya kushoto, maana yake "Njia ni nyeupe, pita." Akiwasha ya kulia, maana yake "Kaa nyuma, kuna gari laja." Huu ni msaada mkubwa katika milima, na watu wengi wamefika nyumbani kwa sababu yake.

Lakini taa hiyo hiyo, kwa sheria iliyoandikwa, ina maana nyingine. Ya kushoto yasema "Nageuka kushoto." Ya kulia yasema "Nageuka kulia." Sasa lori limewasha taa ya kulia. Je, dereva anaonya au anageuka? Na akiwasha ya kushoto, je, amekuruhusu kupita, au anaingia kituo cha mafuta tu, wala hakukuona kabisa wewe uliye nyuma yake? Mgeni aliyejifunza katika chuo cha madereva atafahamu hivi, na mzoefu wa barabara kuu atafahamu vile. Wote wawili wana haki kwa pishi yao, na katikati yao pana basi lenye abiria sitini.

Kadhalika kumulika kwa taa kubwa mchana. Pengine maana yake ni "Polisi wako mbele", pengine "Nipishe, mimi ndiye ninayepita", pengine "Pita wewe". Ishara moja yenye maana tatu ni hatari kuliko kutokuwa na ishara, kwa sababu asiye na ishara hukaa kwa hadhari. Kwa maoni yangu vyuo vya madereva vingefanya vema kuzifundisha ishara hizi waziwazi, na kueleza ni zipi zinazofaa na zipi zinazoua, kuliko kujifanya kana kwamba hazipo.

Uzito wa Lori na Uhai wa Lami

Sasa natoka katika ishara naingia katika mizigo. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Walitengeneza njia za kuzunguka, nyingine za lami na nyingine za saruji, nene na nyembamba, kisha wakaweka askari kuendesha malori juu yake mchana na usiku, kila njia kwa mizigo ya uzito wake, mpaka barabara zilipochakaa. Katika jaribio hilo ilionekana jambo ambalo mwenye lori huona shida kuliamini: ekseli ikizidishwa uzito mara mbili, madhara yake kwa barabara hayazidi mara mbili tu. Huzidi kadiri ya mara 16.

Hesabu yake ni kuzidisha mara nne. Mbili kwa mbili ni nne, kwa mbili ni nane, kwa mbili ni 16. Basi ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikabebeshwa tani 12, nyongeza yaonekana ndogo, ni moja ya tano tu. Lakini barabara imeumizwa kadiri ya mara mbili. Tukilinganisha na motokaa ndogo ambayo kila ekseli yake yabeba tani moja hivi, ekseli moja ya tani 10 huichosha lami kama ekseli 10,000 za motokaa hizo. Kwa hiyo mtu akisema barabara imeharibiwa na wingi wa magari, mwulizeni ni magari gani.

Zamani kila nchi ilikuwa na mizani yake na sheria yake. Lori la tani 56 lililopita kwa amani Tanzania lilikuwa limekosa mara livukapo kuingia Kenya, maana hapa mwisho ulikuwa tani 48. Mwenye mali alichagua moja katika mambo matatu: apunguze shehena mpakani, azunguke njia nyingine, au atafute askari atakayefumba jicho. Mnajua wengi walichagua lipi. Ndipo Bunge la Afrika ya Mashariki likatengeneza sheria moja ya kuzuia mizigo kupita kiasi, sheria ya mwaka 2013. Kwa sheria hiyo ekseli ya mbele, ile ya usukani, huruhusiwa tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye matairi mawili kila upande tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, tatu zilizofuatana tani 24, na gari zima pamoja na mzigo lisipite tani 56 wala ekseli saba.

Twaona mizani hizo Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na foleni za malori zikingoja. Najua madereva hunung'unika. Kusema kweli, kupima lori moja mara nne katika safari moja ni ushahidi ya kuwa mizani ya pili haiamini hati ya mizani ya kwanza. Kipimo kimoja bila kuaminiana ni nusu ya kazi.

Wala uzito si jambo la lami peke yake. Lori lililopakiwa kupita kiasi likishuka mteremko mrefu, breki zake hupata moto hata zikakataa kushika. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, pale Salgaa na Sachangwan, imejulikana kwa msiba huo kwa miaka mingi, na baadhi ya madereva waliuongeza kwa kutoa gia ili kuokoa mafuta na kuliacha lori lijiendee lenyewe. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara nne, na lori lisilo katika gia limempa dereva wake breki zilizochoka tu.

Tarehe 30 Juni 2023 lori lilitoka barabarani katika njia panda ya Londiani, likawavamia watu na magari yaliyokuwa kando, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wengine walikuwa wakiuza vitu vyao, wengine wakingoja matatu. Jambo hili lanirudisha katika neno la kupanga njia, ambalo watu hudhani ni la wahandisi na ramani zao tu. Katika nchi yetu, penye njia panda huzaliwa kituo, na penye kituo huzaliwa soko, na soko hukaribia lami kila mwaka kwa hatua moja, kwa sababu abiria hununua kupitia dirisha la gari. Mama mwenye kikapu cha viazi hana kosa kwa kufuata wanunuzi. Kipimo kingekuwapo tangu mwanzo, ya kwamba kila kituo cha barabara kuu kiwe na mahali pa magari kuingia kando, ukuta au kizuizi kati ya lami na watu, na soko nyuma yake lenye choo na maji, yule mama angeuza viazi vyake hapo hapo karibu na abiria, ila si mbele ya magurudumu.

Vyuma Viwili na Upana Wake

Juu ya reli nitasema kwa ufupi, ingawa hapa ndipo kipimo huonekana waziwazi hata mtoto akaweza kukipima kwa rula.

Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa la Victoria, mahali paitwapo Kisumu sasa, mwaka 1901. Wajerumani walijenga yao kutoka Tanga, na nyingine kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ambako ilifika mwaka 1914. Hawakuwa marafiki, na miezi michache baadaye walikuwa wakipigana. Lakini wote wawili walikuwa wamechagua upana mmoja, mita moja kati ya chuma na chuma. Kwa sababu hiyo, vita vilipokuwa vikiendelea, Waingereza waliweza kuvuta tawi kutoka Voi kupita Taveta mpaka Kahe karibu na Moshi, wakaziunganisha reli za maadui wawili, na mabehewa yakapita kana kwamba mjenzi alikuwa mmoja.

Sasa tazameni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia. Ilibidi ilingane na reli za kusini, nazo zina upana wa milimita 1,067. Tofauti yake na ile ya mita ni milimita 67, si upana wa kiganja cha mkono. Lakini behewa halijui maneno ya karibu sawa. Reli hizo mbili za Tanzania zilikutana bila kuungana, na ilibidi pawekwe kituo Kidatu cha kuhamisha shehena kutoka behewa hili mpaka lile.

Kenya ilifungua reli mpya ya upana wa milimita 1,435 kutoka Mombasa mpaka Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Suswa upande wa Naivasha. Tanzania imejenga yake ya upana huo huo, na abiria walianza kusafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024. Uganda nayo ilitia sahihi mkataba mwaka 2024 wa kujenga kutoka Malaba mpaka Kampala, upana huo huo. Ni vema. Lakini msifikiri ya kuwa kazi imekwisha kwa sababu upana ni mmoja. Treni za Kenya zilianza kwa injini za dizeli, za Tanzania huenda kwa umeme, na Uganda nayo imechagua umeme. Taa za njia, breki, namna ya kuunganisha mabehewa, lugha ya mawasiliano kati ya dereva na kituo, yote hayo yataka mapatano. Reli zaweza kuwa na upana mmoja na treni zikashindwa kuvuka mpaka.

Matatu na Ramani

Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bwana John Michuki, alitangaza kanuni za matatu, nazo zikaanza kufuatwa Februari 2004. Mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, na kifaa cha kuzuia mwendo kifungwe katika gari. Kila kiti kiwe na mkanda. Matatu ndogo zichukue abiria 14, wote wameketi. Mstari wa manjano upakwe ubavuni, dereva na makanga wavae nguo rasmi. Wengi wenu mnakumbuka siku zile, jinsi watu walivyotembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu matatu zilikuwa hazijatimiza, na jinsi utulivu ulivyoingia ndani ya magari zilipotimiza. Kisha mnajua lililofuata. Mikanda ikachafuka hata abiria akaona haya kuifunga, vifaa vya mwendo vikachezewa katika gereji, na wa 15 na wa 16 wakapata nafasi tena. Kipimo kisichokaguliwa huoza kama embe.

Lakini kuna jambo la pili juu ya matatu ambalo halikusemwa sana. Kwa miaka mingi Nairobi ilisafirisha watu wake kwa magari ambayo njia zao hazikuwa katika ramani yo yote iliyo kamili. Makanga walizijua. Abiria alijua ya kwake, namba 46 au 111 au 33, na ya jirani yake akaibahatisha. Wapangaji wa mji walipotaka kujua watu wanatoka wapi kwenda wapi, hawakuwa na ukurasa wa kufungua.

Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, waliingia katika matatu wakiwa na simu zinazojua mahali zilipo, wakapanda na kushuka, wakiandika kila kituo, hata kile ambacho ni mti na kibanda tu. Mwaka 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 130. Jambo kubwa ni namna walivyoandika. Hawakubuni taratibu yao wenyewe. Walitumia taratibu iitwayo GTFS, iliyoanzia mji wa Portland katika Marekani mwaka 2005, ambayo miji mingi ya ulimwengu huitumia kuandika mabasi na treni zake. Kwa hiyo mtambo uliotengenezwa kusoma mabasi ya Ulaya uliweza kusoma matatu za Kawangware. Shida haikukosa: taratibu ile ilidhani kila basi lina saa zake na vituo vyake vya kudumu, na matatu huondoka ikijaa. Iliwapasa kukipanua kipimo kidogo ili sisi tuenee ndani yake. Nami naona hivyo ndivyo inavyofaa. Kipimo cha watu wote kiwe kimeonjwa na watu wote, siyo kiletwe kimekwisha kushonwa kwa mwili wa mwingine.

Kuhesabu Wafu

Nimeliacha la mwisho jambo lililo zito. Ajali ikitokea, nani huhesabiwa kuwa amekufa kwa ajali hiyo? Mtu aliyekufa pale pale hana shaka. Lakini yule aliyepelekwa hospitali akafa baada ya siku kumi? Yule aliyechukuliwa na jamaa zake kwenda nyumbani, akafia huko, akazikwa? Kwa mapatano ya mataifa mengi, mtu afaye katika siku 30 kwa sababu ya ajali huhesabiwa ni wa ajali. Ili kanuni hiyo ifuatwe, lazima daftari ya polisi na daftari ya hospitali zisemezane, na mara nyingi kila moja hukaa katika kabati yake.

Tazameni matokeo yake. Kwa mwaka 2016 hesabu ya Kenya iliyotolewa kwa Shirika la Afya la Dunia ilikuwa chini ya watu 3,000. Makadirio ya Shirika lenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 2018, yalikuwa zaidi ya 13,000. Hata tukisema makadirio yalikosea kwa kiasi fulani, pengo hili halizibwi kwa kusema hivyo. Ni wanadamu maelfu waliokuwa na majina na watoto, na katika kupanga barabara hawakuhesabiwa mahali po pote. Mhandisi anayetafuta ni kona gani itengenezwe kwanza hutazama orodha. Kona ambayo wafu wake walifia hospitali yaonekana katika orodha yake kuwa kona njema.

Basi nawaombeni ninyi machifu, wazee wa mitaa, wauguzi na walimu mliopo, na ninyi mtakaosoma maneno haya mbali na hapa. Ajali ikitokea kwenu, mahali paandikwe barabara, kijiji, na umbali kutoka daraja au jiwe la kilomita lililo karibu. Isiandikwe "karibu na sokoni", maana masoko ni mengi. Iandikwe ni saa ngapi, kama kulikuwa na mvua, kama aliyeumia alikuwa akitembea, akiendesha baisikeli, au akipanda bodaboda, na kama alivaa kofia ya kukinga kichwa. Na mgonjwa wa ajali akifariki katika siku 30, mwuguzi apeleke habari kwa kituo cha polisi kilichoandika ajali ile, ijapokuwa jamaa wamekwisha kumzika. Karatasi ya habari hizo haizidi ukurasa mmoja.